Mnyororo Mfupi Nyuma ya Trekta

Atazamaye trekta likilima huvutiwa na magurudumu yake makubwa na ngurumo ya injini, wala aghalabu haangalii minyororo miwili mifupi iliyo nyuma, baina ya magurudumu na mikono inayoinua plau. Na hali mmoja tu ukikatika, kazi ya siku nzima husimama.

Maungio hayo ya nyuma asili yake ni fikra ya Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, ambaye katika miaka ya 1920 alitengeneza njia ya kulishika plau mahali patatu: mikono miwili ya chini ivutayo na kuinua kwa nguvu ya haidroliki, na ufito mmoja wa juu uzuiao plau lisipinduke. Kwa kuwa mikono ile ya chini huzunguka katika vifundo vya mviringo, huweza kwenda kulia na kushoto mithili ya mkia wa ng'ombe. Ndiyo sababu ikawekewa mpaka, kwa minyororo au kwa vyuma bapa vyenye matundu, isije ikasugua tairi.

Niliwahi kusimama kando ya shamba la mahindi, masika yamekwisha kuingia, mnyororo wa kushoto ukakatika. Dereva akaokota waya wa seng'enge, akausokota mara nne; haukufika mwisho wa mfuo. Akaitwa fundi wa kuchomelea, mtu wa makamo, naye akaja na kipande cha nondo, akashauri kukichomelea pande zote mbili kisitikisike abadan.

"Sivyo, mzee wangu," dereva akamwambia, "ukikaza hivyo plau litakataa kunifuata."

Naye alisema kweli, maana plau likiwa ardhini hutaka nafasi ya kuyumba, yapata sentimita tano kila upande, lipate kushika njia yake lenyewe. Ilhali mashine ya kupandia sharti ikazwe, mistari isipotoke. Fauka ya hayo, katika matrekta mengi mnyororo hukazika kadiri mikono ipandapo, kwa kuwa umeshikizwa chini ya kifundo cha mkono. Basi aukazaye mno plau likiwa chini, huukata au hupinda kishikizo chake pindi aliinuapo.

Kwa hiyo asiyepata spea na atafute mnyororo wa kunyanyulia mizigo, usiopungua ule wa asili kwa unene, na boliti ngumu zenye alama ya 8.8 kichwani, zijae barabara matundu yake, kwani boliti nyembamba hulila tundu hata likawa pana. Kabla ya kugusa chochote, plau lishushwe chini na injini izimwe, wala mtu asiingie chini ya chombo kilichoinuliwa kwa haidroliki peke yake. Kazi ikiisha, mikono ipandishwe polepole hadi juu kabisa, huku mwingine akitazama kwa mbali kama mnyororo umebaki na nafasi.

Fundi yule alimsikiliza dereva, akaiweka nondo yake kando. Alifunga kipande cha mnyororo mnene na kikaza cha skrubu, akakikaza mpaka kikalia. Kisha, pasipo kuambiwa, akakirudisha nyuma mizunguko miwili.