Rodi laisensi isirudi, na mwenye kibatari naye afikiriwe



Naomba nafasi katika ukurasa huu ili nami nitoe maoni yangu kuhusu ada ya mwaka ya magari, ile ambayo wengi wetu tuliiita rodi laisensi. Ada hiyo ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017/18. Sasa huku kijiweni kwetu nawasikia watu wakisema kwamba magari ya gesi na bajaji za umeme zinaongezeka, vyombo hivyo havinunui petroli, kwa hiyo ada ya mwaka irudishwe ili kila mwenye chombo achangie barabara. Mimi ni mstaafu mwenye gari dogo na kuukuu. Kabla hatujafika huko ningependa tukumbushane jinsi ada ile ilivyokuwa.

Ilipangwa kwa kutazama ukubwa wa injini, basi. Katika miaka yake ya mwisho gari lenye injini ya cc 501 hadi 1500 lililipa shilingi 150,000 kwa mwaka, la cc 1501 hadi 2500 shilingi 200,000, na kuzidi hapo shilingi 250,000. Umri wa gari haukuulizwa, thamani yake haikuulizwa, wala hakuna aliyeuliza kama linatembea au limelala.

Gari langu ni Toyota Starlet ya mwaka 1992, cc 1300, nililonunua kwa kiinua mgongo changu. Kazi yake ni kwenda sokoni, hospitali, na misibani kwa ndugu. Mwaka 2016 fundi wangu alilipima kwa macho akaniambia nikipata mtu wa kunipa shilingi milioni moja na nusu nisimwache aondoke. Maana yake nilikuwa nikilipa kila mwaka sehemu ya kumi ya thamani ya gari zima, na pensheni yangu ya mwezi haikutosha kulipia stika hiyo moja. Wakati huo huo bwana mkubwa mwenye gari la shilingi milioni mia moja alilipa 250,000, yaani shilingi moja katika kila shilingi 400 za mali yake. Mtaani kwetu palikuwa na Datsun iliyokaa juu ya matofali bila magurudumu, kuku wakitagia ndani, na bado mwenyewe aliambiwa anadaiwa ada pamoja na faini. Alikuwa akilipia barabara ambayo gari lake lilikuwa halijaikanyaga kwa miaka.

Ndipo Serikali ilipoiondoa ada hiyo na badala yake ikaongeza ushuru wa shilingi 40 katika kila lita ya mafuta. Mimi nilichukua kalamu na karatasi nikapiga hesabu. Ukigawa 150,000 kwa 40 unapata lita 3,750. Gari dogo likienda kilomita 12 kwa lita, lita hizo zitalifikisha kilomita 45,000. Dereva wa teksi anayezunguka kilomita 150 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, anafika hapo hapo, kwa hiyo kwake ilikuwa sare. Mimi sivuki kilomita 5,000 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo natumia lita 417 hivi, na mchango wangu kupitia ile shilingi 40 ni kama shilingi 16,700. Tena kabureta ya gari langu ni mlafi kuliko magari ya siku hizi, kwa hiyo kwa kila kilomita nalipa zaidi ya mwenye gari jipya. Hilo silalamikii. Nikichoma mafuta mengi nilipe, nikikaa nyumbani nisilipe.

Nakumbusha pia kwamba shilingi 40 haikuwa mwisho. Mwaka 2021 ziliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na mwaka 2023 zikaja 100 nyingine kwa ajili ya miradi ya maendeleo. Anayetaka stika irudi juu ya hayo yote anatutaka tulipe barabara ile ile mara mbili.

Lakini wenye magari tusishangilie peke yetu, maana mzigo tulioutua sisi ulipata wa kuubeba. Ile shilingi 40 iliwekwa hata kwenye mafuta ya taa, ili wachakachuaji wasione faida ya kuyachanganya na dizeli. Sababu hiyo naielewa. Hata hivyo mama anayewasha kibatari kijijini, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alianza kuchangia rodi laisensi yangu. Vivyo hivyo mwenye mashine ya kusaga inayotumia dizeli, naye bila shaka akaihamishia kwenye bei ya kusaga debe la mahindi. Mvuvi mwenye injini ya petroli naye analipia lami ilhali njia yake ni maji. Sijasikia watu hao wakiandikiwa barua magazetini, na hili ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu.

Wenzetu wa Uingereza dizeli ya trekta huitia rangi nyekundu na kuitoza ushuru mdogo, na anayekutwa nayo katika tangi la lori barabarani huadhibiwa. Sisi nasi tumekuwa tukitia vinasaba katika mafuta tangu mwaka 2010 ili kuwabaini wachakachuaji. Kama utaalamu huo tunao, kwa nini usitumike kumpunguzia mzigo yule asiyetumia barabara?

Kuhusu magari ya gesi na ya umeme, ni kweli yanakanyaga barabara na lazima yachangie. Lakini gesi hupimwa kwa kilo pale inapojazwa, na umeme nao una mita. Atozwe huyo pale anapojaza, kadiri anavyojaza. Starlet yangu, ambayo uzito wake haufiki tani moja, haikosi petroli wala haijakwepa kulipa. Iingizwe kesi hii kwa kosa gani?

Wapo pia wanaosema ada irudi kwa kufuata thamani ya gari ili tuliotajwa kuwa wanyonge tupone. Majirani zetu Kenya walipendekeza hivyo katika muswada wa fedha wa mwaka 2024: asilimia 2.5 ya thamani kila mwaka, isipungue shilingi zao 5,000 wala isizidi 100,000. Tazama ilivyokuwa. Gari la shilingi 100,000 lingelipa asilimia 5, na gari la shilingi milioni 10 lingelipa asilimia moja. Maskini kawekewa sakafu, tajiri kawekewa dari. Wananchi walipiga kelele na Juni mwaka huo pendekezo likaondolewa.

Na kama ni lazima kabisa kiwepo kitu cha kulipwa kila mwaka, basi kifuate uzito. Majaribio ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba mzigo juu ya ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu wa barabara huongezeka kama mara kumi na sita. Makundi matatu ya cc hayakujua lolote kuhusu hilo. Yalimweka mwenye lori la tani 30 na mwenye gari kubwa la kutembelea katika kundi moja, kila mmoja 250,000.

Naomba wahusika watufafanulie kupitia gazeti hili mambo haya: mwenye mashine ya kusaga anaweza kupunguziwa ushuru wa dizeli kwa njia gani, na je, mafuta ya taa yataendelea kubeba ile shilingi 40 hata sasa vijiji vingi vimepata umeme na wanaobaki na kibatari ni wale walioshindwa kuuvuta?

Mwalimu Mstaafu,
Morogoro.