Marinda ya Uyoga wa Njano

Msomaji wa Iringa ameniuliza: ule uyoga wa njano ambao kina mama huuza kandokando ya barabara mvua zikishakolea, mtu aliyekulia mjini atautambuaje akiukuta mwenyewe porini? Rangi na harufu naziacha, maana rangi huhadaa. Auinamishe, atazame chini ya kofia.

Uyoga mwingi, chini ya kofia, una vipande vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Visukume kwa ukucha: ukurasa unabanduka, kofia inabaki. Huu wa njano hauna kurasa. Nimehangaika kutafuta jina la kilichopo. Matamvua hayafai, kwa kuwa tamvua huning'inia pembeni mwa kitambaa. Makunyanzi nayo huja ovyo ovyo. Nimechagua marinda, na neno hili nitalitetea.

Fundi cherehani hashonei kipande kingine ili apate rinda. Huchukua kitambaa kilekile, akakikunja, akakibana kiunoni. Rinda ni sketi yenyewe. Ukilazimisha kuling'oa, umechana sketi. Basi huu uyoga ni sketi iliyosimama kichwa chini, kiuno kikiwa kwenye shina na pindo kwenye ukingo wa kofia. Marinda ni butu, hayana ncha kali ya karatasi. Yanateremka shinani bila kukuta mpaka, mengine yakigawanyika panda njiani. Ukipitisha ukucha, unachana nyama. Hata kazi ni ileile ya sketi ya shule: kuingiza kitambaa kingi mahali padogo. Vijimbegu vya uyoga huzaliwa juu ya ngozi hiyo, na kila rinda huongeza ngozi. Kila ninapoushika nastaajabu upya.

Marinda hayo yalimhadaa hata mwanasayansi Linnaeus: mwaka 1753 aliuweka ndugu yake wa Ulaya pamoja na uyoga wa kurasa. Mwaka 1821 mtaalamu wa uyoga Fries akauita Cantharellus cibarius: jina la kwanza limetokana na neno la Kigiriki la kikombe, la pili na neno la Kilatini la chakula.

Jamaa zake wa kwetu ni wengi. Huota ardhini, chini ya miti ya miombo kama mtundu, kwa sababu nyuzi zao zimeshikana na mizizi: mti unatoa sukari, uyoga unaleta maji na madini. Ndiyo maana haulimwi bandani kama uyoga wa mamama. Ulioota kwenye gogo uachwe hapohapo.

Cantharellus platyphyllus, wa miombo pia, ana marinda mapana hata macho yakadhani ni kurasa. Hapo ukucha ndio utumike. Na kikapu cha kwanza, kabla hakijafika jikoni, huyo mtu wa mjini akipeleke kwa kina mama hao hao wa barabarani wakikague, uyoga mmoja mmoja.