Meno ya Mbele ya Juu, na Khabari za Mtoto Kigego

 Leo twataka kuzungumza khabari za meno manne ya mbele yaliyo katika taya la juu. Huenda mtu akauliza, mbona tumeyachagua haya manne na kuyaacha yale ishirini na manane mengine? Sababu yake ni hii.

Siku moja tulikuwa Mkokotoni, tukingoja mashua ya kuvukia Tumbatu. Maji yalikuwa yamekupwa na mashua imekaa juu ya mchanga, basi tukaketi kivulini pamoja na abiria wengine. Alikuwapo mama mmoja na mtoto wake wa miezi tisa hivi, mtoto mnene, mchangamfu. Lakini kila alipocheka, mama alimfunika kinywa kwa upindo wa kanga. Bibi mmoja mzee akamwuliza, "Mwanangu, mtoto ana nini?" Yule mama akajibu kwa sauti ndogo, "Bibi, ameanza ya juu." Watu wakanyamaza, kila mmoja akatazama baharini. Hapana aliyetaka kulitamka neno lenyewe, nalo ni kigego.

Neno hili ni la zamani katika lugha yetu, nalo limeandikwa katika kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uongozi wa Frederick Johnson. Mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini alihesabiwa kuwa ana kisirani, ataleta msiba juu ya wazazi wake. Na katika siku za kale watoto wa namna hiyo waliuawa, au walitolewa wakapewa watu wengine. Kwa hiyo si jambo dogo kujua jino linaanza wapi na linatokaje.

Watu wengi hudhani ya kuwa jino huumbwa siku chache kabla halijatoboa ufizi. Sivyo. Mimba inapofika karibu wiki ya sita, mtoto akiwa mdogo kuliko punje ya haragwe, ndani ya kinywa chake huanza kufanyika ukingo wa nyama laini, na katika ukingo huo huchipuka vitumba vya meno. Inapofika mwezi wa nne, vitumba vya meno ya mbele vimekwisha kuanza kutiwa chokaa na kuwa vigumu. Basi mtoto azaliwapo bila jino hata moja la kuonekana, meno yake ya utotoni, ishirini kwa jumla, yote yamo ndani ya taya yakiendelea kujengwa. Yule mama wa Mkokotoni alikuwa amebeba meno yale ya juu tumboni mwake muda mrefu kabla mtu yeyote hajayaona na kuyatilia shaka.

Sasa natutazame hesabu za kutoka kwake. Meno mawili ya katikati ya chini hutoka kwa kawaida baina ya mwezi wa 6 na wa 10. Mawili ya katikati ya juu hutoka baina ya mwezi wa 8 na wa 12, na yale ya ubavuni mwake, ya juu, baina ya mwezi wa 9 na wa 13. Angalieni jinsi hesabu hizi zinavyopandana. Mtoto aliyeota ya juu katika mwezi wa 8, na ya chini katika mwezi wa 10, hakuvuka mpaka wowote. Kila jino limetoka ndani ya wakati wake. Walio wengi huanza ya chini, ni kweli, kama walivyo wengi wanaotumia mkono wa kulia. Lakini wa mkono wa kushoto nao wapo, wala hatuwaiti mkosi. Yule bibi mzee, baada ya kimya, alimchukua mtoto akampakata, akasema ya kuwa hata mdogo wake yeye alianza ya juu, naye alikuja kuwa nahodha. Twaona ushahidi huo ulimfaa yule mama kuliko maneno yote tuliyomwambia sisi.

Jambo jingine la kuangaliwa na wazazi ni homa. Kuota meno humfanya mtoto atokwe na udenda, atafunetafune vitu, na pengine asilale vizuri. Lakini homa kali na kuharisha si kazi ya meno. Hizo zina sababu yake nyingine, na mtoto apelekwe hospitali. Tangu miaka ya 1980 imesikika sana katika Tanzania Bara khabari ya "meno ya plastiki", yaani watu kumpasua ufizi mtoto mchanga mwenye homa na kutoa vitumba vyeupe wakidhani ndivyo ugonjwa. Vitumba hivyo ni meno halisi ya chonge ambayo bado hayajakomaa. Mtoto huachwa na jeraha, huweza kutoka damu nyingi au kuingiwa na uchafu, na maradhi yaliyomletea homa yanabaki pale pale.

Meno ya utotoni ya mbele ya juu huanguka mtoto akiwa na miaka 6 hadi 8 hivi. Mizizi yake huliwa kidogo kidogo na jino kubwa linalosukuma kutoka juu, ndiyo maana jino lililoanguka lenyewe huonekana kama kofia tupu. Hapo ndipo mtoto asemapo "thamaki" badala ya "samaki", na wenzake wakamcheka. Wanafunzi wa chuoni wanajua vema kazi ya meno haya, kwa kuwa mwalimu huwafundisha kuitamka thaa na dhali kwa kugusisha ncha ya ulimi na ukingo wa meno mawili ya juu ya katikati, na faa kwa kugusisha ukingo huo na mdomo wa chini. Waarabu wanayo hata jina lake khasa, thanaya.

Jino kubwa la katikati lilianza kuwa gumu tangu mtoto alipokuwa na miezi 3 au 4, na kichwa chake hukamilika akiwa na miaka 4 au 5, bado limezikwa tayani. Hutoka kwa miaka 7 au 8, na mzizi wake haumaliziki mpaka mwaka wa 10 hivi. Litazameni likiwa jipya: ukingo wake una vijino vitatu kama vya msumeno, ambavyo husagika kwa kutafuna. Urefu wake wote wapata milimita 23, na zaidi ya nusu ni mzizi usioonekana.

Nje jino limevikwa enameli, kitu kigumu kuliko mfupa wowote. Lakini ina upungufu mmoja: jino likisha kutoka, mwili hauwezi kutengeneza enameli nyingine. Chini yake ipo dentini, yenye rangi ya manjano kidogo, na katikati ni moyo wa jino, penye damu na mishipa ya maumivu.

Kwa kuwa enameli hujengwa utotoni, hubaki na alama ya mambo ya utotoni. Nendeni Arusha na pande za mlima Meru mtawaona watu wazima wenye meno ya mbele yenye madoa ya rangi ya kahawia. Si uchafu, wala mswaki hauyatoi. Maji ya huko yana floridi nyingi itokayo katika mawe ya volkano, na magadi yanayotiwa katika chakula huongeza. Aliyekunywa maji hayo akiwa mdogo, jino lake lilitiwa doa kabla halijatoka. Aliyehamia huko akiwa mtu mzima hapati doa hilo.

Baina ya meno mawili ya katikati wengine wana mwanya, na watu wa pwani huuhesabu kuwa uzuri. Kwa mtoto wa miaka 8 mwanya ni jambo la kawaida. Meno ya chonge yaliyo juu yakishuka, kwa miaka 11 au 12, husukuma yale mengine na mara nyingi mwanya huziba. Anayeutaka ubaki hana la kufanya ila kungoja.

Tumalize na ajali, kwa sababu meno haya ndiyo ya kwanza kupigwa mtu aangukapo mnazini, au apigwapo na foromali, au agonganapo na mwenzake mpirani. Jino kubwa la mtoto likingʼoka zima, lishikeni kwa kichwa, wala msiguse mzizi, kwa maana juu yake zimo nyuzi hai zinazolifunga jino tayani. Lisuuzeni kidogo kwa maji safi bila kulisugua, mlirudishe mahali pake upesi, kisha mtoto aume kitambaa. Ikiwa haiwezekani, litieni katika maziwa, mwende hospitali mara moja, iwe Kivunge au Mnazi Mmoja. Kila dakika ipitayo nyuzi zile hufa, na baada ya saa moja jino likiwa kavu tamaa ni ndogo. Jino la utotoni likingʼoka kwa ajali halirudishwi, kwa sababu nyuma yake kipo kitumba cha jino kubwa, nacho huweza kuumizwa.