Hati ya Mradi Ihakikiwe Mwaloni

Miradi mingi hukosewa kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa. Hukosewa kwenye karatasi, katika ile hati inayoeleza mwenye mradi anataka nini, kwa ajili ya nani, kwa kiasi gani na kwa masharti gani. Mkandarasi atajenga kilichoandikwa, na akimaliza atadai malipo yake kwa haki, hata kama kilichoandikwa hakimfai yeyote. Kwa desturi hati hiyo husomwa kikaoni, hurekebishwa tahajia na jedwali la gharama, kisha husainiwa. Huko ni kuihariri tu. Kuihakiki ni kushika kila dai lililomo na kuuliza limetoka kwa nani, lilipimwa wapi na lini, na siku ya makabidhiano tutajuaje kwamba limetimia.

Tuchukue mradi wa kufikirika wa kuboresha mwalo mjini Kigoma, wenye sentensi ambayo wasomaji wa hati za aina hii wanaijua vizuri: "Mwalo uwe wa kisasa na ukidhi mahitaji ya wavuvi." Hakuna wa kuipinga, na ndiyo kasoro yake, maana hakuna pia awezaye kuipima. Tuseme mwandishi ameongeza kwamba chumba cha ubaridi kitapokea tani kadhaa za dagaa kila siku. Hapo angalau pana cha kuhakiki, na maswali machache kwenye mialo ya Kibirizi au Katonga yanatosha kulivunja dai hilo. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, huingia ziwani wakati wa giza; mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti kitu na wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo hakuna "kila siku". Kuna siku za giza zenye shehena, na kuna siku za mwezi mpevu ambapo mwalo umepoa. Tena mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na nchi nyingine za ziwa hilo, ili samaki wazaliane. Hati isiyotaja mwezi wala usitishaji huo inapanga umeme, wafanyakazi na marejesho ya mkopo kwa wastani usiotokea hata siku moja.

Halafu kuna akina mama wanaoanika. Dagaa wengi wa huku hukaushwa juani, na mvua ikiwakuta mchangani huoza. Mwanikaji akiulizwa anahitaji nini, huenda ubaridi asiutaje kabisa. Atataka chanja na paa. Basi sentensi iandikwe upya: chanja zilizoezekwa zitosheleze mavuno ya usiku mmoja wa giza katika msimu wa mvua. Hilo linahesabika, na yeyote anaweza kulikagua.

Dai la hatari zaidi ni lile lisiloandikwa kwa kuwa kila mtu analiona kwa macho, yaani kwamba ufuko uko pale ulipo. Mpelelezi Verney Lovett Cameron alifika Mto Lukuga, ng'ambo ya ziwa kutoka Ujiji, mwaka 1874, akatangaza kwamba hapo ndipo maji ya ziwa yanapotokea. Stanley akapita mwaka 1876, akakuta njia imezibwa, akakanusha. Joseph Thomson alipofika mwishoni mwa 1879 alikuta mto unakwenda kasi. Wote watatu walisema walichokiona. Tarehe ndizo zilizotofautiana. Ziwa lilikuwa limepanda mpaka likabomoa kizuizi mnamo 1878, kisha likashuka takriban mita 10 kufikia katikati ya miaka ya 1890, na Ujiji, bandari ya misafara, ikaachwa nyuma na maji. Lilipanda tena miaka ya 1960, na miaka hii ya karibuni limeingia mialoni na majumbani, Kigoma, Uvira na Bujumbura. Hata ndani ya mwaka mmoja hujaa kuelekea Mei na kupungua kufikia Oktoba. Mpimaji anayekuja Septemba anarudi ofisini na ufuko asioujua mwenyeji wa Mei.

Ubishi wa kwanza ni kwamba wataalamu wameshapima, hivyo mvuvi hana la kuongeza. Mtaalamu hupima alichotumwa kupima, naye hutumwa na hati ileile tunayoitilia shaka. Ubishi wa pili una uzito zaidi, nao ni kwamba mambo hubadilika hata hivyo, basi tuanze, tutarekebisha mbele ya safari. Kwa programu ya kompyuta naukubali, maana kufuta mstari ni rahisi. Zege halifutiki, wala chuma. Meli ya Graf von Götzen, ambayo leo ni Liemba, iliundwa Papenburg, Ujerumani, kwa kuungwa kwanza kwa bolti, ikafunguliwa, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000 yaliyosafiri kwa bahari na kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kipande kisichooana kingegunduliwa Kigoma, mwezi mzima na zaidi kutoka kiwandani. Ndiyo maana iliungwa mara mbili. Iliingia majini Februari 1915. Waliounda hawakujua itazamishwa mwaka uliofuata na kurudi kazini 1927 chini ya Waingereza. Mabadiliko yalikuja, na kazi iliyohakikiwa mapema haikupotea bure.

Ubishi wa tatu ndio unaosikika zaidi maofisini: mwaka wa fedha unaisha 30 Juni, uhakiki utachelewesha, fedha zitarudi. Lakini kalenda ya Kigoma inasema vingine. Mvua huanza takriban Novemba na kuishia Mei, miezi ambayo kuchimba msingi ufukweni ni tabu tupu. Anayetaka kujenga Julai ana msimu mzima wa kuhoji wenye vipe, wachuuzi na waanikaji, kuona dagaa wanavyooza na paa linavyohitajika, kisha kwenda na mpima ardhi mwezi wa Mei, ziwa likiwa limejaa, na kupiga vigingi juu ya alama ya maji hayo, kwa kuacha nafasi ya mwaka mbaya kuliko huo.