Fahamu: Kinachohama na Kinachobaki Ubadilipo Simu

Mtu aliyezoea Android kwa miaka mingi, akaazimia kuhamia iPhone, hudhani kuwa taabu yake kubwa itakuwa kuzoea alama mpya za kioo, ilhali hizo huzoeleka kwa siku chache, na taabu ya hakika imo katika mazungumzo ya WhatsApp, ambayo kwa wengi wetu ndiyo daftari la biashara na hazina ya sauti za wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Nakala iliyowekwa akiba katika Google Drive haifunguki ndani ya iPhone. Njia rasmi, iliyotangazwa mwaka 2022, ni kuyahamisha kwa programu ya Move to iOS wakati iPhone inapowashwa mara ya kwanza. Kwa hiyo namsihi msomaji asiiuze wala kuifuta simu ya zamani kabla ya kuhakikisha, kwa macho yake mwenyewe, kuwa amana ile imewasili salama.

Fedha za M-Pesa hazina hatari hiyo, maana zimefungamana na namba, si chombo.

Lakini anayeletewa iPhone na jamaa aliye Marekani na atahadhari: kuanzia iPhone 14, simu nyingi ziuzwazo huko hazina tundu la laini, hutumia eSIM pekee, yaani laini isiyo na kadi; basi aulize kampuni yake ya simu kama inaitoa. Waya wa chaja ni jambo jepesi, kwani iPhone 15 ya mwaka 2023 na zilizoifuata hutumia USB-C, kama simu nyingi za Android.