Kisima cha Mwambao na Upelelezi Wake

Mtu asimamaye juu ya kilima cha Masoro, mjini Kigali, penye viwanda vya Eneo Maalumu la Kiuchumi, haioni bahari wala hasikii harufu yake. Kutoka hapo hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilometa 1,000. Kwa nini basi tuzungumze na askari wa milimani juu ya visima vya pwani?

Jibu letu ni kwamba askari hachagui mahali pa kazi yake. Mwezi Julai 2021, wanajeshi na polisi wa Rwanda wapatao 1,000 walipelekwa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Tarehe 8 Agosti mwaka huo, pamoja na majeshi ya Msumbiji, waliutwaa tena mji wa bandari wa Mocímboa da Praia. Hivyo vijana waliolelewa vilimani walijikuta katika nchi ya mchanga na minazi, ambako maji huteka kwa desturi nyingine kabisa.

Katika mwambao, maji ya mvua yakizama mchangani au katika mawe ya matumbawe huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya nchi kavu, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Mmoja wa walioieleza kanuni hiyo alikuwa mtu wa jeshi: Badon Ghijben, mhandisi wa jeshi la Uholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1880. Mwaka 1901 Mjerumani Herzberg naye aliieleza. Hesabu yake ni hii: kwa kila meta 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna meta 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo. Maana yake ni nzito. Pampu ikiyashusha maji ya juu kwa nusu meta tu, na kuendelea hivyo siku nyingi, chumvi ya chini yaweza kupanda meta 20.

Adui wa kwanza, basi, hutoka chini. Adui wa pili hutoka juu, naye ni choo cha shimo. Jiji la Dar es Salaam limewajua wote wawili. Ukame wa mwaka 1997 ulipoukumba mji huo, visima vingi vilichimbwa kwa haraka. Wachunguzi waliovipima visima vya jiji katika miaka iliyofuata walikuta chumvi katika baadhi ya vile vilivyo karibu na bahari, na nitrati pamoja na vijidudu vya kinyesi katika mitaa yenye msongamano. Huko Kisauni, Mombasa, kisima na choo vimekuwa majirani wa kiwanja kimoja, na uchafu umeonekana majini.

Kuwatambua maadui hawa ni kazi ya upelelezi, na polisi ataielewa upesi. Ulimi ni shahidi asiyetosha: sehemu 2 za maji ya bahari katika 100 huanza kumwambia mnywaji kuwa mna chumvi, lakini vijidudu vya kipindupindu havina ladha. Mchunguzi hupima kina cha maji, kisha hutumia kipimo cha umeme kinachoonyesha wingi wa chumvi, kabla ya pampu kufanya kazi na baada yake. Chumvi ikiongezeka kila pampu inapoendelea, bahari ndiyo mshukiwa. Nitrati ikiwa nyingi na chumvi ikiwa kidogo, atazame vyoo. Maji ya kupima vijidudu hutiwa katika chupa iliyotakaswa, huwekwa penye baridi, na hufikishwa maabara kabla ya saa 24 kupita. Mwisho, huchora ramani ya visima, vyoo na mteremko wa maji ya ardhini, kwani kisima kimoja peke yake hakisemi habari yote.

Kosa la upelelezi huzaa kosa la tiba. Kuchemsha maji au kuyatia klorini huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi wala nitrati. Tena, mkuu wa kambi aonaye maji yamepungua, akaamuru pampu ifanye kazi usiku kucha, huenda anaialika bahari kisimani. Afadhali visima kadhaa vifupi, vinavyotekwa kidogo kidogo, kuliko kimoja kirefu kinachonyonywa bila pumziko.

Kuhusu vyoo, kanuni ya kambi hutaka visiwe chini ya meta 30 kutoka kisimani, na sakafu ya shimo iwe angalau meta 1 na nusu juu ya maji ya ardhini. Penye matumbawe yenye mapango hata umbali huo hautoshi, maana maji hupita humo kama katika bomba. Na wanavijiji walio jirani hunywa maji yale yale. Askari aliyekuja kuwalinda, akiwachafulia kisima, atakuwa amewaachia adui asiyepigwa kwa bunduki.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kisima kilichokwisha kuingiwa na bahari huchukua miaka mingi kupona. Yatupasa, basi, kukipeleleza kabla ya kunywa, wala si baada ya kuugua.