Mtoto Mchanga Amepungua Uzani: Je, Ni Asilimia Ngapi?

Leo tuwe na kalamu na karatasi karibu, maana tutapiga hesabu kidogo.

Neno asilimia maana yake ni "katika kila mia". Ukiambiwa dukani kwamba leso ya shilingi 600 imepunguzwa bei kwa asilimia 10, gawanya 600 kwa 10. Umepunguziwa shilingi 60. Hesabu hiyo hiyo inaweza kumsaidia mtoto wako.

Karibu kila mtoto hupungua uzani siku chache za kwanza baada ya kuzaliwa. Hupoteza maji, hukojoa, na hutoa choo kile cheusi cha kwanza. Maziwa ya kwanza ya manjano, yaani dang'a, huwa ni machache lakini yana kinga nyingi. Kwa hivyo mama asishtuke na kukimbilia maziwa ya kopo, maji au glukosi kwa sababu jirani amesema mtoto amekonda. Lakini kupungua huku kuna mpaka wake, nao ni asilimia 10 ya uzani wa kuzaliwa.

Tutazame akina mama wawili. Watoto wao wote wamepungua gramu 300 kufikia siku ya nne. Je, hali yao ni sawa?

Mtoto wa kwanza alizaliwa na gramu 3,600, yaani kilo 3.6. Gawanya kwa 10 upate gramu 360. Huo ndio mpaka wake, na bado hajaufikia. Ukitaka asilimia kamili, chukua 300, zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa 3,600. Utapata 8 na kitu. Mama huyu aendelee kunyonyesha mara kwa mara, usiku na mchana, na amwombe muuguzi atazame jinsi mtoto anavyoshika titi.

Mtoto wa pili alizaliwa na gramu 2,500. Mpaka wake ni gramu 250 tu. Amepungua 300, yaani asilimia 12. Amepita mpaka! Huyu apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mmeona, akina mama? Gramu ni zile zile, lakini kwa mtoto mdogo ni hasara kubwa zaidi. Ndiyo maana usimlinganishe mtoto wako na wa jirani. Mlinganishe na uzani wake mwenyewe wa kuzaliwa, ulioandikwa katika kitabu chake cha kliniki. Na anapopimwa, avuliwe nguo na nepi, maana nepi iliyolowa itakudanganya.

Baada ya siku hizo za kwanza mtoto huanza kuongezeka. Afikishapo wiki mbili, awe amerudia uzani wake wa kuzaliwa. Ikiwa hajaurudia, mpeleke akaangaliwe.

Na je, kama huna mizani nyumbani? Hesabu nepi. Kuanzia siku ya tano, mtoto anayeshiba hulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku nzima, mchana na usiku.

Kuna wakati hatungoji hesabu yoyote. Mtoto akikataa kunyonya, akilala mno hata kuamka ni shida, mdomo wake ukikauka, mkojo ukiwa haba, akiwa na joto jingi au mwili baridi, au macho na ngozi vikiwa manjano, mkimbize hospitalini mara moja, hata kama ni usiku.

Kazi ya nyumbani: fungua kitabu cha mtoto, soma uzani wa kuzaliwa, ugawanye kwa 10. Andika jibu mahali utakapoliona. Baba naye alijue, na nyanya pia.

Hadi tukutane tena, nawatakia afya njema.